Nunua Shingo, Mengine Yana Fundi

Besi ya bei nafuu, yaani gitaa la besi, hununuliwa kwa shingo. Rangi hupakwa upya, pikapu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, hutolewa kwa bisibisi, jeki, lile tundu la kuchomeka waya, hulehemiwa, funguo za kukazia nyuzi zilizolegea hubadilishwa. Lakini shingo iliyojisokota, au ambayo chuma chake cha ndani kimeshakazwa mpaka mwisho, hiyo ni kuni, hata kama mwili unang'aa na muuzaji amekuapia kwamba imetoka Marekani.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu vijana wanaoanza kupiga kanisani kwetu hunitumia picha WhatsApp: "Kaka, hii ikoje?" Picha ni ya mwili, umeegemezwa kwenye kochi, na shingo imekatwa katikati na ukingo wa picha. Hapo sina la kujibu. Ninayoihitaji ni moja tu: simu ilazwe usawa wa briji, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye mwili, itazame nyuzi zinavyopanda hadi kichwani. Picha hiyo huwa hawana, na muuzaji akiombwa huanza kuwa na shughuli nyingi.

Hapa Dar es Salaam besi za bei ya chini zinakuja kwa njia kadhaa. Kuna mpya za China kwenye maduka ya Kariakoo, baadhi zina majina ambayo hujawahi kuyasikia na hutayasikia tena. Kuna mitumba, zinazoshuka pamoja na spika na kinanda kilichokosa funguo mbili. Na kuna zile ambazo mjomba au dada aliye nje amezibeba: Squier, Yamaha, Ibanez, mara mojamoja Harley Benton, ambayo ni jina la duka la Thomann la Ujerumani. Kisha kuna feki, yaani besi ya kiwanda kisichojulikana yenye neno Fender, jina la kampuni maarufu ya Marekani, kichwani. Neno hilo halithibitishi chochote, stika inachapishwa popote. Mimi sina ugomvi na feki yenye shingo iliyonyooka, ilimradi nailipia bei ya feki.

Tuseme sasa umefika dukani na besi iko mapajani mwako. Muuzaji anaanza: "Bosi, hii orijino kabisa, ya Japani." Mwitikie vizuri, msifu kwa duka lake, kisha endelea na kazi yako. Fumba jicho moja, tazama toka kwenye mwili kwenda kichwani, ukifuata kingo mbili za ubao wa vidole. Kingo zote mbili zinapaswa kwenda sambamba. Upande mmoja ukizama na mwingine ukiinuka, shingo imejisokota, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 kati ya nati, kile kipande kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, na briji, karibu sentimita 86, na nyuzi zake nne kwa pamoja huvuta kwa zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, hata ikiwa imetundikwa ukutani. Mbao iliyokatwa ikiwa haijakauka vizuri haitavumilia hilo.

Kipimo cha pili hakihitaji kifaa chochote. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, kwa mkono mmoja, na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono mwingine. Uzi umekuwa rula. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Inatakiwa iwepo kidogo tu, kama milimita 0.3, unene wa kadi ya jina. Isipokuwepo kabisa, shingo inaweza kuwa imepindia nyuma. Ukiweza kupitisha njiti ya kibiriti, imepindia mbele sana. Yote mawili yanarekebishika kama kile chuma cha ndani, ambacho mafundi wa magitaa hukiita trasirodi, bado kina uhai. Ndiyo maana huwa naenda na spana zangu ndogo za pembe sita, zile zilizopinda. Besi nyingi za Asia huchukua ya milimita 4 au 5. Omba ruhusa, legeza kidogo kwanza, kisha kaza robo mzunguko. Ikigeuka kwa ulaini na shingo ikaitikia, vizuri. Ikiwa imekwama, au inazunguka bila kushika kitu, rudisha besi, aga, ondoka. Muuzaji akikukataza kuigusa, hilo pia ni jibu.

Halafu piga kila freti kwenye kila uzi, bila amplifaya, taratibu. Utasikia freti zilizoinuka kwa mkwaruzo wake. Kwenye uzi mwembamba, kati ya freti ya tano na ya saba, huenda ukakuta noti inayokufa haraka kuliko jirani zake. Usiogope. Besi za muundo wa Fender zina ugonjwa huo hata zile za mamilioni, ni suala la namna shingo na kichwa vinavyotikisika.

Sababu ya kuweza kuongea kwa ujasiri hivi kuhusu kufungua na kubadilisha vipande ni kwamba chombo chenyewe kilibuniwa na fundi redio. Leo Fender alikuwa na karakana ya kutengeneza redio mjini Fullerton, California, kabla hajawa na kiwanda cha magitaa, na gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa besi ya umeme aliyoiita Precision, kwa kuwa freti zilimpa mpigaji noti sahihi bila kubahatisha kama kwenye besi kubwa la kusimama. Shingo aliifunga kwa skrubu, hakuigundisha. Vitufe vya sauti vilifunguka, pikapu zilifunguka. Aliwaza kama mtu ambaye kesho ataletewa kifaa kibovu mezani. Mwaka 1957 akaigawa pikapu ya Precision vipande viwili vinavyofuta mvumo wa umeme, na mwaka 1960 akaleta Jazz Bass yenye shingo nyembamba zaidi kwa juu na pikapu mbili. Karibu kila besi ya bei nafuu unayoiona leo ni mtoto wa mojawapo ya hizo mbili. Vipimo ni vilevile au vinakaribiana, kwa hiyo vipuri vinaingiliana.

Nimesema vinakaribiana. Potenshomita za Marekani, vile vidude vya kuzungusha vinavyopandisha na kushusha sauti, zina shingo nene kuliko zile ndogo za Asia, na tundu la besi yako litahitaji kupanuliwa kwa tupa. Skrubu nazo hazilingani. Pima kabla ya kuagiza kitu kitakachosafiri wiki nzima na kupitia forodha.

Besi hizi za leo ni bora kuliko zile ambazo kaka zangu walianzia, na hilo si porojo. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo ya bei ya chini kwa usahihi uleule wa shingo ya bei ya juu. Squier zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1982 zilikuwa za bei nafuu, leo watu wanazitafuta kwa tochi. Tofauti iliyobaki ni kazi ya mikono, yaani zile saa za mwisho za kusawazisha freti, kuchonga nati na kupanga kimo cha nyuzi. Hapo ndipo kiwanda kinapobana matumizi, na hapo ndipo pesa yako inapaswa kwenda kwanza, kabla ya pikapu, kabla ya rangi.

Kwangu kazi huanza na skrubu. Mbao za besi nafuu mara nyingi ni laini, na skrubu zilizofunguliwa na kila mtu huishia kuzunguka bure. Gundi ya mbao na njiti za kibiriti ndani ya tundu, subiri hadi kesho, kisha rudisha skrubu iliyopakwa sabuni kidogo ili iingie bila kupasua. Baada ya hapo trasirodi, halafu kimo cha nyuzi kwenye briji, halafu ulinganifu: sauti ya kugusa uzi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, na sauti ya kuibonyeza freti hiyohiyo, ziwe sawa. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kibebeo cha uzi kilicho kwenye briji nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Na fanya haya ukiwa na nyuzi utakazopigia, kwa sababu ukibadilisha unene wa nyuzi unaanza upya.

Kuna wakati vibebeo vimeshuka hadi chini kabisa na nyuzi bado ziko juu. Hapo unafungua shingo, unaweka kipande cha kadi ngumu ndani ya kitako chake, upande ulio karibu na pikapu, na unaifunga tena. Shingo inaegemea nyuma kidogo na nyuzi zinashuka. Kadi za michango ya harusi zinafaa sana. Mji huu hauna uhaba wake.

Sasa nati. Kile kipande chenye mifereji minne hapo juu, kwenye besi za bei ndogo huwa ni plastiki yenye uwazi ndani, na mifereji yake haikukatwa hadi chini. Matokeo yake freti ya kwanza inakuwa ngumu kuibonyeza na noti yake inapanda juu ya ilivyotakiwa. Wapigaji wachanga hudhani vidole vyao ni dhaifu. Unaweza kununua nati ya mfupa mtandaoni, lakini mfupa wenyewe uko buchani. Omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule mnene. Kunywa supu. Uchemshe tena kwa maji na sabuni mpaka mafuta yatoke, uanike juani siku kadhaa, kisha kata kipande kwa msumeno wa chuma. Fanya hivyo nje na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la mfupa linanuka vibaya na halifai mapafuni. Sawazisha kwa msasa mpaka kiingie kwenye mfereji wake kwa kubana kidogo. Mifereji ya nyuzi mimi huianza kwa tupa nyembamba na kuimalizia kwa kipande cha uzi wa zamani kilichozungushiwa msasa. Unajua umefika pale unapobonyeza uzi kwenye freti ya tatu na kuona upenyo mdogo mno juu ya freti ya kwanza, wa kuona kwa shida. Ukipitiliza, uzi unakwaruza na inabidi uanze na mfupa mwingine, kwa hiyo enda kwa pole.

Mpingo nao unafaa. Wachongaji wa Mwenge wana vipande vya kutupa ambavyo kwa mpiga besi ni mali. Sauti haitofautiani kiasi cha kumfanya mtu ageuke, lakini mpingo huchongeka kwa usafi na hauchakai haraka. Kipande kikubwa zaidi nimekifanya kipumzisho cha dole gumba. Fender za zamani zilikuwa na kipande kama hicho upande wa chini wa nyuzi, kwa kuwa mbunifu wake alidhani watu wangepiga kwa dole gumba na kushika hapo kwa vidole. Miaka ya 1970 kikahamishiwa juu, wanakokitaka wapigaji.

Freti zinazokwaruza zinahitaji kitu kilichonyooka kweli. Mafundi wa madirisha ya alumini wana vipande vya fremu vilivyobaki, na kipande kinene cha sentimita 30 kilichobandikwa msasa kinatosha. Paka kila freti wino wa kalamu nene kwa juu, pitisha kipande chako taratibu shingo ikiwa imenyooshwa, na acha pale wino umeondoka kila mahali. Baada ya hapo freti zinakuwa bapa, na ni lazima uzirudishie uduara kwa tupa na msasa laini. Ni kazi ya kuchosha. Ncha za freti nazo: besi iliyokaa Dar, kwenye unyevu, ikihamia Dodoma wakati wa kiangazi, ubao unanywea na ncha za chuma zinachomoza pembeni na kukwangua kiganja. Ziondoe kwa tupa. Pwani tuna tatizo la kinyume, chumvi ya hewani inakula nyuzi na kutia freti kutu, na kitambaa kikavu baada ya kila ibada kinasaidia kuliko dawa yoyote.

Kwa upande wa umeme mimi humwendea fundi redio. Kule kwenye duka la vyombo watakutoza kwa sababu ni gitaa, wakati ndani ya besi isiyotumia betri kuna vitu ambavyo yeye amevishika maisha yake yote: potenshomita, kapasita, jeki, waya. "Shikamoo fundi." "Marahaba, umeniletea nini leo?" Anafungua, anacheka, anauliza kama ni hiki tu. Kwa pikapu za kawaida potenshomita ni za kilo-omu 250. Angalia herufi: za A ndizo zinazofuata masikio, za B ndizo zilizojaa madukani. Ukifunga B kwenye sauti, unaizungusha na hakuna kinachobadilika mpaka karibu na sifuri, hapo inaanguka ghafla. Kapasita ya toni ni ya maikrofaradi 0.047, imeandikwa 473, na ile ya kijani iliyochomolewa kwenye redio mbovu inafanya kazi sawa na ya bei ya kutisha inayouzwa kwa wapenzi wa magitaa. Nitabishana na yeyote juu ya hilo.

Mvumo ni habari ndefu zaidi, kwa sababu nyumba na makanisa yetu mengi hayana arthi ya maana. Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya unaounganisha briji na arthi ya besi uko hai, na kinachobaki ni kuziba matundu ya ndani kwa utepe wa shaba, au kwa karatasi ya alumini ya jikoni na gundi. Alumini haishiki lehemu, kwa hiyo waya wake unafungwa kwa skrubu. Karatasi iwe imeungana kote, iende kwenye arthi, na isiguse ule mguu wa jeki unaobeba sauti, la sivyo besi itakuwa bubu. Mvumo usipobadilika kabisa unapogusa nyuzi, huenda waya wa briji umekatika.

Na kama kanisa linatumia jenereta, chukua testa ya fundi umeme, iguse kwenye nyuzi na kwenye chuma cha maikrofoni kabla hujaimba huku unapiga. Ikiwaka, besi ikae chini mpaka fundi umeme aje. Mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni yenye umeme ni njia mbaya ya kumaliza pambio.

Nyuzi huuma mfuko, wakati mwingine seti moja ni robo ya bei ya besi yenyewe. Kuchemsha nyuzi zilizozeeka kwa dakika kumi hivi huondoa uchafu na jasho, na sauti hurudi kwa muda. Hairudi mara nyingi. Mimi nimehamia kwenye nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa, na sizibadilishi mpaka zikatae. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alikuwa na Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi za namna hiyo, hakuzibadilisha mpaka zikatike, na chini ya kifuniko cha briji alikuwa na sponji ya kuzima mtikisiko. Sponji ya godoro iliyochomekwa chini ya nyuzi karibu na briji inakupa noti fupi, nene, ile inayokaa vizuri chini ya magitaa ya dansi. Kabla hujatumia hata shilingi kwenye pikapu, jaribu hiyo.

Pikapu zenyewe nitazipitia haraka. Za bei nafuu siku hizi hazina ubaya mkubwa, na amplifaya ya kanisa itaficha tofauti. Mwili wa mbao gani, watu wanabishana sana, mimi silipii. Besi zenye betri ya volti 9 ndani zina raha yake, lakini ukiacha waya umechomekwa usiku betri inaisha, na betri za mtaani hazina uaminifu. Ukiwa na shingo nzuri ambayo freti zake zimekwisha, kuzing'oa ni wazo linalofaa. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, alipiga Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti, akaupaka ubao wake epoksi ya maboti, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, ili nyuzi zisiule. Epoksi hiyo wanayo watengeneza maboti wa pwani yote.

Kuhusu kuuza, ukweli ni mchungu. Hakuna anayelipia kazi uliyoifanya. Hivi karibuni kijana alikuja kuchukua besi niliyoibadilisha nati, freti, nyaya na pikapu, akaipiga, akafurahi, akasema, "Kaka, ni nzuri, lakini mpya ya hivi Kariakoo ni laki tatu na nusu." Nilimwambia asubiri kidogo. Nikatoa pikapu, nikarudisha zile za kiwandani nilizokuwa nimezihifadhi na skrubu zake kwenye kopo, nikamwachia nati ya mfupa kwa kuwa mkono wake ulishaizoea, akalipa laki tatu.